Mkono Unaoijua Tano: Hotuba kuhusu Soroban na Ufundishaji wa Hesabu

Ndugu walimu wenzangu, wazazi wetu, na wanachuo wa ualimu mliojumuika nasi leo,

Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea Masasi, hakuwahi kukaa kwenye dawati, lakini alijua kuhesabu kuliko watu wengi waliosoma. Alihesabu kwa Kimakua. Alipofika kwenye tano hakutafuta jina jipya kama sisi tunavyofanya kwa Kiswahili tunaposema sita. Alisema thanu na mosa, yaani tano na moja, akaendelea na thanu na pili, tano na mbili, mpaka akafika kwenye tisa, ambayo kwake ilikuwa tano na nne. Mimi niliyekuwa nikirudi shuleni na jedwali langu la kuzidisha nilidhani huo ni uchache wa maneno. Ilinichukua miaka mingi ya kufundisha hesabu katika shule za msingi kutambua kwamba bibi alikuwa akinionyesha jambo zito, kwamba namba ina umbo ndani yake, na kwamba sita haiji tu baada ya tano katika wimbo wa kuhesabu, bali ni tano yenyewe iliyoongezewa moja.

Kilichonifumbua macho ni chombo nilichokiona mezani kwa dada mmoja wa Kijapani, mwalimu wa kujitolea katika sekondari ya jirani. Kilikuwa fremu nyembamba ya mbao, ndefu kama rula, yenye vijiti vingi vilivyosimama na shanga zilizochongwa zikawa na ukingo mkali katikati. Alikuwa akijumlisha alama za wanafunzi wake. Kidole gumba na kidole cha shahada vilikuwa vikicheza juu ya shanga zile kwa mlio wa haraka ambao Wajapani wenyewe huuita pachi-pachi, na kabla sijamaliza salamu alikuwa ameandika jumla. Chombo hicho ni soroban, abakasi ya Kijapani, na ndicho nilichoombwa nikizungumzie leo.

Naomba kwanza tukubaliane namna kilivyoundwa, kwa sababu mafunzo yote yamo katika umbile lake. Upapi mmoja wa mlalo hukigawa chombo sehemu mbili. Juu ya upapi, kila kijiti kina ushanga mmoja tu, na ushanga huo una thamani ya tano. Chini ya upapi, kila kijiti kina shanga nne, na kila mmoja una thamani ya moja. Ushanga huhesabika pale tu unapougusa upapi. Ukiwa mbali nao, haupo. Kwa hiyo kijiti kimoja huonyesha tarakimu yoyote kutoka sifuri hadi tisa, na hakiwezi kuonyesha kumi hata kwa kulazimishwa. Kijiti cha mamoja kikijaa, huna budi kwenda kushoto kwenye makumi. Juu ya upapi kuna vitone kila baada ya vijiti vitatu, ambavyo humsaidia mtumiaji kujua mamoja yako wapi, maelfu yanaanzia wapi, na nukta ya desimali ikae wapi.

Linganisheni na abakasi tunayoijua sisi katika darasa la kwanza na la pili. Ile yetu ina vijiti, na kila kijiti hupokea shanga moja moja hadi tisa. Ni chombo kizuri cha kuonyesha mamoja, makumi na mamia, na mimi mwenyewe nimekitumia miaka yote. Hata hivyo, mwambieni mtoto asome nane kwenye abakasi hiyo, mtamwona anagusa ushanga mmoja baada ya mwingine huku midomo ikitembea. Jicho la binadamu hutambua vitu vitatu au vinne kwa mara moja bila kuvihesabu. Vikizidi hapo, huanza kuvihesabu au kuvigawa katika mafungu. Soroban imeheshimu mpaka huo wa jicho. Hakuna mahali ambapo mtoto hulazimika kutazama zaidi ya shanga nne za aina moja, kwa hiyo nane huonekana papo hapo kuwa tano na tatu, kama vile sisi tunavyomtambua mtu kwa sura yake bila kuhesabu macho na masikio.

Umbile hili halikushuka likiwa limekamilika. Wajapani waliipokea abakasi kutoka China, ambako huitwa suanpan, na ile ya China ilikuwa na shanga mbili juu na tano chini. Idadi hiyo iliruhusu kijiti kimoja kubeba hadi kumi na tano, jambo lililofaa katika nchi ambayo mizani yake ya kale iligawa ratili moja, yaani jin, katika sehemu 16. Huko Japani ushanga mmoja wa juu uliondolewa kwanza, ukabaki mmoja juu na tano chini, na katika miaka ya 1930 soroban yenye shanga nne chini ikaingia rasmi katika mafunzo ya shule. Nimetafakari sana hatua hizo mbili. Ushanga wa tano wa chini ulimruhusu mtoto kuchelewa: angeweza kuonyesha tano kwa shanga tano za moja moja, bila kulazimika kuigeuza. Ulipoondolewa, kazi ambayo ushanga ulikuwa ukimfanyia ikarudi kichwani mwake. Sisi walimu tuna tabia ya kudhani kwamba zana bora ni ile yenye vitu vingi zaidi. Hapa waliiboresha zana kwa kuipunguza.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kila mwalimu wa Tanzania atalitambua bila kufafanuliwa. Katika zama za Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868, watoto wa Kijapani wa wafanyabiashara, mafundi na wakulima walisoma katika vishule vidogo vilivyoitwa terakoya, na elimu ya msingi ilitajwa kwa maneno matatu: yomi, kaki, soroban. Maana yake ni kusoma, kuandika, na soroban. Ni KKK yetu hasa, isipokuwa mahali ambapo sisi tunasema kuhesabu, wao walitaja jina la chombo. Mwaka 1627 Yoshida Mitsuyoshi alichapisha kitabu cha hesabu kiitwacho Jinkōki, kilichofundisha matumizi ya soroban kwa mifano ya maisha ya kila siku, kikasomwa kwa vizazi vingi. Mojawapo ya maswali yake ni la panya wawili ambao mwezi wa kwanza wanazaa watoto 12, na kila mwezi unaofuata kila jozi katika familia nzima inazaa 12 tena. Mwisho wa mwaka panya wanakuwa 27,682,574,402. Mwalimu anayemwekea mtoto panya bilioni 27 kwenye fremu ya mbao alikuwa anajua namna ya kumvuta mtoto.

Wengi wenu mtakuwa mmesikia habari za shindano la Tokyo, na ingekuwa vibaya niipite kimya. Tarehe 12 Novemba 1946, Japani ikiwa chini ya majeshi ya Marekani, gazeti la askari hao liliandaa pambano kati ya Kiyoshi Matsuzaki, mtumishi wa wizara ya posta aliyetumia soroban, na askari Thomas Nathan Wood, aliyetumia mashine ya umeme ya kukokotoa. Walishindanishwa katika kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, na maswali ya mchanganyiko. Soroban ilishinda kwa mabao manne kwa moja. Katika duru ya kwanza ya kujumlisha, orodha ambayo Matsuzaki aliimaliza kwa dakika moja na robo hivi ilimchukua mwenzake dakika mbili.

Habari hii husimuliwa kila panapotajwa soroban, na nakiri kwamba inasisimua. Lakini naona imetupoteza kidogo. Bao moja ambalo soroban ilifungwa lilikuwa la kuzidisha, na mashine hazikusimama pale zilipokuwa mwaka 1946. Leo simu ya mkononi ya bei ya chini kabisa ingemshinda bingwa yeyote. Kama thamani ya soroban ingekuwa ni kuishinda mashine, basi thamani hiyo ilikwisha zamani, na Wajapani wangekuwa wameiweka makumbusho. Hawakufanya hivyo. Watoto wa darasa la tatu na la nne nchini humo wanakutana nayo hadi leo katika somo la hesabu, na jioni wengine huenda kwenye madarasa ya soroban yanayoitwa juku. Kuna sababu nyingine iliyoibakiza hai, na sababu hiyo iko kwenye vidole.

Chukueni hesabu ndogo kabisa, nne ongeza tatu. Kwenye soroban, shanga nne za chini zimekwisha kupanda zote. Mtoto anataka kuongeza tatu, lakini hakuna ushanga wa chini uliobaki. Afanye nini? Anashusha ushanga wa juu, yaani anaongeza tano, kisha anarudisha chini shanga mbili alizozidisha. Inabaki tano na mbili, ambayo ni saba. Ili aweze kufanya hivyo, lazima ajue bila kusita kwamba mwenza wa tatu ndani ya tano ni mbili. Sasa chukueni nane ongeza saba. Kijiti hakitoshi. Mtoto anakumbuka kwamba mwenza wa saba ndani ya kumi ni tatu, anaondoa tatu kwenye nane, anaongeza moja kwenye makumi, na kumi na tano iko mbele yake. Hakuna mahali alipohesabu "tisa, kumi, kumi na moja" kwa kukunja vidole. Hakuna hata mahali ambapo alilazimika kukariri kwamba nane na saba ni kumi na tano. Jibu lilijitokeza lenyewe, naye akalisoma.

Jozi anazopaswa kuzijua ni chache mno. Ndani ya tano kuna moja na nne, mbili na tatu. Ndani ya kumi kuna moja na tisa, mbili na nane, tatu na saba, nne na sita, tano na tano. Hizo ndizo zote. Mtoto mwenye jozi hizo saba katika ncha za vidole vyake anaweza kujumlisha na kutoa namba yenye tarakimu kumi kwa hatua zilezile anazotumia kwenye namba yenye tarakimu moja. Nimewaona watoto waliokuwa wakitetemeka kwa hesabu ya "kuchukua na kukopa" ambao, baada ya majuma machache ya soroban, waliacha kabisa kuona kuchukua kama uchawi wa mwalimu, kwa sababu sasa walikuwa wameiona kumi ikihama kijiti kwa mkono wao wenyewe.

Kuna utaratibu mmoja ambao naomba tusiupuuze tunapofundisha. Katika kujumlisha, vidole hutoa kwanza mwenza kwenye kijiti kilichopo, ndipo huongeza moja kwenye kijiti cha kushoto. Katika kutoa, ni kinyume: huondolewa kwanza moja upande wa kushoto, ndipo mwenza anaongezwa kulia. Kidole gumba hupandisha shanga za chini. Kidole cha shahada huzishusha, na ndicho pia kinachoushughulikia ushanga wa juu. Mtu anaweza kuona hizo ni taratibu za kubana mtoto. Mimi nazilinganisha na namna fundi wa ususi anavyofundisha mshiko wa ukili kabla ya kufundisha jamvi. Mkono ukishika njia moja, akili huachwa huru kufuata namba.

Hesabu ya soroban pia huanzia kushoto. Hili huwashangaza walimu, maana kwenye karatasi tumezoea kuanza na mamoja. Tazameni mfano wa 347 ongeza 286. Mtoto anaanza na mamia: tatu ongeza mbili, anashusha tano na kurudisha tatu, inabaki tano. Anakwenda kwenye makumi: nne ongeza nane, anatoa mbili, anapeleka moja kwenye mamia, ambayo sasa ni sita, na makumi yamebaki mawili. Anamalizia na mamoja: saba ongeza sita, anatakiwa kutoa nne kwenye saba, kwa hiyo anaondoa tano na kurudisha moja, inabaki tatu, na moja inakwenda kwenye makumi, ambayo sasa ni matatu. Jibu ni 633. Utaratibu huu unafuata namna tunavyotamka, kwa maana hakuna Mswahili anayesema saba na arobaini na mia tatu. Mfanyabiashara aliyekuwa akisomewa bei aliweza kuhesabu sauti ikiendelea kutoka mdomoni mwa msomaji, bila kusubiri namba iishe.

Hapa lazima niseme neno kuhusu lugha yetu, kwa sababu nadhani ndipo soroban inapotufaa sisi kwa namna ya pekee. Mjapani husema go kwa tano na jū kwa kumi, na hamsini kwake ni go-jū, tano-kumi. Thelathini ni san-jū, tatu-kumi. Mtoto wake anaisikia tarakimu ndani ya jina. Kiswahili kimerithi majina mazuri ya makumi kutoka Kiarabu, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, nasi tumeyafanya kuwa yetu. Lakini mtoto wa miaka sita aliyejifunza kusema tano hasikii tano ndani ya hamsini, wala hasikii nne ndani ya arobaini. Tunamwambia akariri, naye anakariri, kisha tunashangaa anapoandika arobaini na saba kama 407. Kwenye soroban, hamsini ni ushanga uleule wa tano, umeshushwa kwenye kijiti cha pili. Anachokosa sikioni anakipata machoni. Ninapofundisha, humwambia mtoto aseme kwanza "makumi matano na saba", kisha "hamsini na saba", huku kidole kikiwa kwenye shanga, na baada ya muda maneno hayo mawili huwa kitu kimoja.

Nimezungumza kana kwamba chombo ndicho lengo. Sivyo. Wajapani wana hatua ya pili iitwayo anzan, hesabu za kichwa, ambayo mwanafunzi hufikia baada ya kukaa na soroban muda mrefu. Fremu huondolewa mezani, naye huendelea kuiona akilini na kusogeza shanga ambazo hazipo. Mkiwatazama, mtaona vidole vyao vikitikisika hewani. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Giyoo Hatano na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wataalamu hao, wakaonyesha kwamba mwendo wa vidole una sehemu katika kazi yenyewe, hasa kwa wale ambao hawajafika ngazi ya juu kabisa; wakizuiwa kuvisogeza, hesabu huwasumbua. Wakati huohuo waliweza kujibu maswali ya kawaida yasiyo ya hesabu huku wakiendelea kukokotoa. Mtu anayehesabu kwa maneno kichwani hawezi hayo, kwa sababu mdomo na masikio yake ya ndani yameshikwa na namba. Wao namba zao ziko mahali pengine, kwenye picha na mkononi.

Ushahidi unaonigusa zaidi unatokana na makosa. Mwaka 1984 James Stigler alichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto wa Taiwan waliofunzwa hesabu za kichwa kwa njia ya abakasi. Aliona kwamba majibu yao yanapokosewa, mara nyingi hukosewa kwa tano kamili, au kwa tano kwenye nafasi ya makumi au mamia, yaani ushanga mmoja wa juu uliosahaulika akilini. Wanafunzi wa chuo wa Marekani waliopewa hesabu kama hizo hawakuwa na aina hiyo ya kosa. Mwalimu anayesahihisha madaftari anajua kwamba kosa la mtoto husema ukweli kuliko jibu lake sahihi. Watoto wale walikuwa na tano ndani ya mawazo yao, kama bibi yangu alivyokuwa nayo ndani ya lugha yake.

Anzan imefika mbali sana huko. Kuna mashindano ambamo namba humulikwa kwenye skrini moja baada ya nyingine, na mshiriki hutakiwa kutoa jumla mara tu namba ya mwisho inapozimika. Mwaka 2012 Takeo Sasano alijumlisha namba 15 za tarakimu tatu zilizomulikwa zote ndani ya sekunde 1.7. Sisemi haya ili tuwatamanie watoto wetu wafike huko. Kwa hakika nina hofu, na nitaisema waziwazi kwa sababu wazazi mpo hapa.

Katika miji yetu, Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, vipo vituo vya kulipia vinavyofundisha abakasi, na baadhi ya walimu wake wanafanya kazi njema. Lakini nimesoma matangazo yanayomwahidi mzazi kwamba mtoto wake atafunguliwa upande wa pili wa ubongo, ataongezewa kumbukumbu ya kila kitu, atakuwa na kipaji cha pekee. Nawaomba msinunue ahadi hiyo. Hatano aliyekwisha kutajwa, pamoja na mwenzake Keiko Osawa, waliwapima mabingwa wa soroban mwaka 1983: kumbukumbu yao ya tarakimu ilikuwa kubwa ajabu, lakini walipopewa herufi au majina ya matunda, walikumbuka kama watu wengine. Na huko Vadodara, India, watafiti walifuatilia watoto wapatao mia mbili wa shule ya msingi kwa miaka mitatu, wengine wakifunzwa hesabu za kichwa kwa abakasi na wengine wakipewa mazoezi ya ziada ya kawaida, na mgawanyo ukafanywa kwa bahati nasibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliofunzwa abakasi walipiga hatua zaidi katika hesabu, lakini uwezo wao wa jumla wa akili haukubadilika kwa sababu ya mafunzo hayo.

Kwangu mimi matokeo hayo yanatosha kabisa. Mtoto anayejua hesabu vizuri zaidi ni habari kubwa, na hahitaji kupambwa kwa ahadi nyingine. Kinachoniumiza ni mzazi wa kipato cha chini anayejinyima ili alipie ahadi hewa, na mtoto anayeambiwa kwamba hana kipaji kwa sababu kasi yake ni ndogo. Nimewahi kufanya kosa hilo mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha soroban nilishika saa mkononi, nikawapanga watoto kwa kasi, na mtoto mmoja makini kuliko wote, aliyekuwa akirudia kila hatua kuhakikisha, aliacha kuja. Sikumpata tena. Tangu siku hiyo saa haiingii kwenye darasa langu mpaka jozi za tano na za kumi ziwe zimetulia.

Wajapani wenyewe hupanga mafunzo kwa ngazi. Mwanafunzi huanzia ngazi za chini ziitwazo kyū, ambazo huhesabiwa kurudi nyuma hadi ya kwanza, kisha huingia kwenye dan, utaratibu ambao wapenzi wa judo na karate wataufahamu. Kuna mitihani ya kuzidisha, ya kugawanya, na ya kujumlisha na kutoa, na kuna zoezi ambalo mimi nalipenda kuliko yote, ambalo ni imla ya namba. Mwalimu husimama mbele na kutamka kwanza maneno ya kuwataka wanafunzi wafute shanga zao, gohasan de, kisha huanza: negaimashite wa, na kusoma kiasi kimoja baada ya kingine kwa sauti yenye mdundo, kila kiasi kikifungwa kwa neno nari, hadi kile cha mwisho kinachofungwa kwa dewa. Anayetoa jibu sahihi huambiwa gomeisan. Darasa zima linasikiliza, na hakuna anayeweza kunakili kwa jirani kwa sababu hakuna muda wa kumtazama.

Soroban imekuwa pia msaada mkubwa kwa wasioona. Mwaka 1962 Terence Cranmer, Mmarekani asiyeona, alitengeneza abakasi kwa mfano wa soroban, akaweka kitambaa kizito nyuma ya shanga ili zisiteleze zinapopapaswa. Mtoto asiyeona huisoma namba kwa ncha za vidole na kuirekebisha palepale, kazi ambayo ni ngumu kwa karatasi ya nukta nundu. Walimu wa elimu jumuishi mlio hapa, kifaa hicho kinastahili kutafutwa.

Najua swali linalowakaa moyoni. Darasa lina watoto sabini, na bajeti haina hata chaki ya kutosha. Soroban za kifundi kutoka Ono katika mkoa wa Hyogo, au zile za Yokota katika mkoa wa Shimane, zenye shanga za mbao ngumu na vijiti vya mwanzi, ni kazi za sanaa, na hatuzihitaji. Nilianza na mchoro. Kila mtoto alichora vijiti vitano kwenye karatasi ngumu ya boksi, akatumia punje za mahindi: punje moja juu ya mstari, nne chini yake. Punje huteleza, na upepo ukiingia dirishani somo huanza upya, lakini jozi zinafundishika. Baadaye fundi seremala wa kijijini alitutengenezea fremu kumi na mbili kwa mianzi na mbao za masalia, na watoto sita sita wakashirikiana kila moja, mmoja akihesabu, wengine wakisoma shanga kwa sauti. Kushirikiana huko kumenifundisha kwamba mtoto anayesoma shanga za mwenzake hujifunza karibu sawa na yule anayezisogeza. Ningeomba vyuo vya ualimu viwape wanachuo angalau wiki mbili za kuishika soroban, kwa kuwa mwalimu ambaye mkono wake haujui jozi za tano hawezi kuzifundisha kwa maneno.

Mbele ya kila mmoja wenu kuna mojawapo ya fremu hizo kumi na mbili, au karatasi yenye punje kwa waliokosa. Wenye fremu, iinamisheni kuelekea kwenu ili shanga zote zianguke. Ilazeni taratibu juu ya meza. Sasa pitisheni kidole cha shahada kati ya upapi na shanga za juu, kutoka kushoto kwenda kulia, ili zote zipande. Hakuna ushanga unaogusa upapi, mna sifuri. Wekeni kidole kwenye kijiti chenye kitone, hapo ndipo penye mamoja. Tutaanza polepole, na asiwepo wa kutazama saa.

Gohasan de. Negaimashite wa: shilingi mia tatu arobaini na saba…